Nimekwama Kwenye Kiti cha Choo cha Mama Mkwe

Leo nimeaibika. Tena nimeaibikia chooni. Na choo chenyewe ni cha mama mkwe.

Wacha niwaambie mwenyewe hapa kwa grupu kabla hamjasikia kwa Wekesa, shemeji yangu, maana yule hana mdomo wa kufunga.

Mama mkwe anakaa Mabanga. Mwezi wa pili alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Amejikaza sana. Siku hizi anatembea na fimbo, pole pole, na maneno yanatoka moja moja. Shida imebaki choo. Ni cha shimo, na kuchuchumaa hawezi. Kila akitaka kwenda lazima ashikiliwe kama mtoto, mama aliyekuwa akilima shamba lake peke yake! Akitoka huko analia. Hicho kilio ndicho kilinishinda.

Mke wangu Nafula ni mwalimu, kutwa yuko darasani. Mimi nashona sare za shule hapa Kitale, naweza kufunga duka. Basi wa kukimbizana na ofisi nikawa mimi. Miezi mitatu! Fomu ya ulemavu inataka sahihi za madaktari watatu. Wawili wapo, wa tatu yuko semina. Narudi, wa tatu yupo, wa kwanza ameenda likizo. Halafu picha ya Mama ikakataliwa.

"Mdomo umeenda upande," karani akaniambia. "Apigwe ingine, akae sawa."

Madam! Si hiyo ndiyo imetuleta hapa?

Mwishowe tukaambiwa afisa wa ustawi wa jamii atakuja leo saa nane kuona nyumba, ndio aamue kama Mama atasaidiwa kupata kiti cha choo na vyuma vya kushikilia. Nikaona tusimpokee mikono mitupu. Nikatoka kwangu mtaa wa Tuwan asubuhi na mapema nikiwa na kiti cha plastiki na msumeno. Nikakata tundu katikati ya kiti, nikalisugua kwa msasa, nikakiweka juu ya shimo. Saizi nilikisia. (Ndiyo, fundi wa nguo amekisia. Wewe ungempima mama mkwe kiuno?) Wekesa naye akachimbia paipu ya kushikilia ukutani kwa simiti.

"Ikifika saa nane itakuwa imekauka?" nikamuuliza.

"Hiyo? Hata ng'ombe unafunga hapo, bana."

Saa tano hodi! Ni afisa, na faili kwapani. Miezi mitatu hakuna mtu wa serikali amewahi fika kwa saa yake, leo ndio amewahi!

Ni mama mpole, macho makali. Akazunguka nyumba, akaandika. Akasalimia Mama sebuleni. Tukafika chooni.

"Hii mmetengeneza wenyewe? Vizuri. Inatumikaje? Nionyesheni."

Nikageuka kumtafuta Wekesa. Ameenda kuteka maji. (Ati maji.)

Nikakaa. Suruali nilikuwa nayo, asanteni kwa kuuliza. Kwa sekunde moja kila kitu kilikuwa sawa.

KWACH!

Nikazama. Magoti yakaja masikioni. Nikadaka paipu, na paipu ikang'oka na kipande cha ukuta. Nikabaki nimeishika wima kama askari wa geti, nusu yangu juu ya kiti, nusu chini.

"Usitingishike!" afisa akapiga kelele. "Chini kuna shimo!"

Kama sijui!

Wekesa akaja mbio, akaniona, akaketi chini kucheka. Alipomaliza akanivuta. Nikainuka na kiti kikiwa bado kiunoni, halafu tukarudi chini pamoja, kiti na mimi.

Sasa hapo ndipo nikasikia fimbo. Ko. Ko. Ko.

Lazima muelewe kitu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono. Nimeoa miaka kumi na moja na hatujawahi kugusana hata kidole. Tukikutana njiani, mmoja anapinda kwa mahindi. Na huyu hapa mlangoni, ananiangalia nimekaa ndani ya choo chake!

Nikafunika uso na paipu. (Paipu haifuniki uso.)

Mama akaegemeza fimbo ukutani. Akaegemea mwimo wa mlango. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima.

"Shika."

"Mama, hapana. Si vizuri."

"Shika!"

Nikashika. Afisa na Wekesa wakakanyaga miguu ya kiti. Mama akavuta, jamani, huyo mtu wa kiharusi alivuta! Nikatoka kama mhogo kwa udongo.

Mama akacheka. Tangu mwezi wa pili hatujasikia hiyo sauti. Mdomo ulicheka nusu, lakini sauti ilikuwa nzima.

"Ku... bwa," akasema.

"Shimo, Mama?"

Akatingisha kichwa. Akaninyooshea kidole kiunoni. "Wewe."

Afisa akageuka, mabega yakitetemeka. Alipotugeukia tena alikuwa ameshaandika ukurasa mzima.

"Nimekuwa nikitafuta maneno ya kuwaeleza wakubwa kwamba hii choo ni hatari," akaniambia. "Umenisaidia. Ripoti naipeleka leo, na fundi wa vyuma atakuwa wetu. Wewe rudi kwa nguo."

Nafula akapiga simu kabla hata sijanawa. "Ati umeshikana mkono na Mama?"

"Ni yeye alianza!"

Mzee mmoja wa boma amekuja kusema kuna mambo ya kutengeneza, mila imevunjwa. Mama akamwambia neno moja tu: "Enda." Kisha akaagiza kuku achinjwe, nisiondoke bila kula.

Nimekula. Nimekula nikiwa nimesimama. Plastiki imenifinya, na atakayeuliza imenifinya wapi namtoa kwa grupu.