Asiguse Kitu Hadi Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeahidi tena. Mdomo huu! Mke wangu anapiga pasi, mimi nafunga kamba za viatu, na kabla sijajua nasema nini nimeshamwambia Jumamosi hii tunakwenda kisiwani. Mimi na yeye. Hotelini! Tuamke tukitazama bahari. Hakushangilia. Aliweka pasi pembeni, akasema safari hii ikiwa hewa kama zile nyingine, nisimtajie tena neno safari maisha yangu yote. Alisema kwa upole. Upole wake naujua. Afadhali angefoka.

Nimefika karakanani nikiwa sina hata pa kuanzia. Simu ikalia. Meneja wa hoteli ya kisiwani! Chumba chake cha baridi, anamowekea samaki, kimeanza kupoteza ubaridi. Mimi ni fundi wa majokofu, nilimwuliza maswali mawili matatu nikajua. Barafu imeziba feni. Azime mashine, aache mlango wazi, barafu iyeyuke, awashe. Basi! Hata mama mkwe wangu angeweza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia. Nikajiuma ulimi. Nikasema tatizo hilo ni zito, asiguse kitu hadi Jumamosi nije mwenyewe. Ujira sitaki. Anipe chumba kinachotazama bahari na nafasi kwenye boti yake ya mizigo. Alishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji kaja. Kaka wa mke wangu. Mimi humwita Bwana Risiti, maana hata akinunua kiberiti anadai risiti. Kasikia habari ya kisiwa, kacheka hadi kakohoa. Akamshauri dada yake asifunge mizigo kwanza. Halafu akatangaza kwamba yeye anampeleka mama yao kisiwa hicho hicho, hoteli hiyo hiyo, kuanzia Ijumaa, na kila kitu kimelipiwa. Akatoa risiti! Mke wangu akauliza yetu iko wapi. Nikasema sisi ni wageni maalumu, hatuandikiwi.

Amenunua kofia. Pana, ya ukili, ina utepe wa bluu. Ameiweka juu ya kabati. Kila nikiingia chumbani naona inanisubiri.

Jumatano, 6 Machi

Meneja tena. Samaki wameanza kulegea, anataka kuita fundi mwingine. Fundi mwingine atazima swichi, atakunywa chai, atawasha swichi, na mimi nitabaki na mke, kofia na aibu. Nikamwambia mtu mwingine akigusa, mashine inakufa kabisa. Amwage barafu juu ya samaki, avumilie. Akakubali, lakini boti ni ya wafanyakazi tu, nakuja na nani? Nikasema msaidizi. Imetoka yenyewe! Na si uongo sana. Mwaka jana mke wangu alinishikia tochi.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu ameimba akiosha vyombo. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba. Nilisimama mlangoni nikaogopa hata kukohoa. Lazima ifaulu. Lazima!

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Risiti na mama mkwe wameondoka asubuhi. Nilikuwa nawapungia mkono, natabasamu, mara nikakumbuka. Chakula chao cha jioni. Samaki! Na tumbo la mama mkwe lilivyo la kuchagua! Mkono ukanikwamia hewani.

Nikampigia meneja. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Ikabidi nimpigie Shemeji, nikamwambia mama asile samaki. Akauliza kwa nini. Nikasema nimeota. Akanijibu kwamba huo ni wivu mtupu, na kwa taarifa yangu mama ataletewa sahani mbili.

Sahani yangu nimeirudisha jikoni kama ilivyokuja. Mke wangu kaniuliza nina nini. Nikasema furaha.

Jumamosi, 9 Machi

Boti. Mke wangu amekaa juu ya gunia la vitunguu, kofia kaishika kwa mikono miwili. Akauliza wageni maalumu wengine wako wapi. Nikamwonyesha bahari.

Harufu ilitupokea kabla ya watu. Gatini wageni wamesimama na mabegi, wanangoja kurudi kwao. Na katikati yao mama mkwe, mzima! Nusura nimkumbatie. Mpishi alikuwa ametupa samaki wote, watu wakala mkate mkavu. Mama mkwe akanishika mkono mbele ya kadamnasi, akasema mkwe wake ana maono, aliota yote haya. Bwana Risiti akatazama viatu vyake. Raha iliyoje!

Raha ikadumu mpaka meneja alipofika. Akampa mke wangu ovaroli na glovu za mpira, akamkaribisha kwa jina la msaidizi. Kisha akanigeukia, akapaza sauti. Si mimi niliyemwambia asiguse kitu hadi Jumamosi? Tangu Jumatatu?

Mke wangu akauliza ugonjwa wa mashine ulikuwa nini. Nikasema barafu. Akauliza dawa yake. Mama yake ananitazama, uongo ukagoma kutoka. Nikasema kuizima kidogo.

Hakufoka. Alinivika zile glovu mwenyewe, kidole kwa kidole. Kisha akachukua ufunguo wa chumba kinachotazama bahari, akamshika mama yake mkono, wakaenda zao.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala stoo, juu ya turubai. Mgongo si wangu. Feni inazunguka safi, lakini meneja kasema siondoki kabla sijasugua chumba kizima. Nasugua. Bwana Risiti alikuja mlangoni, anataka nimwandikie kwamba hawakupewa samaki, ili akadai fedha zake. Nikamwandikia. Niliona uchungu kuliko kusugua.

Kupitia dirishani nimewaona. Mke wangu yuko majini hadi magotini, kofia kichwani, anacheka na mama yake. Anacheka! Nilitaka kumpungia, lakini glovu zimejaa magamba.

Jumatatu, 11 Machi

Nyumbani. Amenisemesha hatimaye. Amesema hajawahi kupumzika vile tangu tuoane, na kwamba yeye na mama yake watasafiri tena. Wao wawili tu. Akalitilia mkazo hilo la wawili.

Nimefikiri sana. Amepumzika, kasema mwenyewe! Kwa hiyo mpango ulikuwa mzuri. Kilichoharibu ni samaki. Maji hayaozi.

Nimempigia mwenye nyumba ya wageni ya kisiwa cha jirani. Pampu yake ya maji inakoroma. Nimemwambia ni tatizo zito, asiguse kitu hadi Jumamosi. Akauliza nakuja na nani.

Nimesema wasaidizi wawili.