Jinsi Nilivyoipoza Turbo

Jumatatu, 9 Juni
Siku tano kabla ya mashindano ya klabu yetu ya magari, kupanda kilima wawili wawili, raundi mbili. Miaka mitatu mfululizo shemeji, kaka wa mke wangu, ananiacha raundi ya pili. Mara hii mama watoto ametoa hukumu: nikishindwa tena, gari lilale nje, gereji iwe chumba chake cha cherehani. Nimekubali. Nilikuwa nimeshiba.

Tatizo nalijua. Turbo inasukuma hewa ya moto. Kipoza hewa, ile kama rejeta ndogo nyuma ya bampa, ndicho huipoza kabla haijaingia kwenye injini. Raundi ya kwanza kinapoza. Ya pili kimechemka, na gari linapanda kilima kama mimi nipandavyo ngazi. Fundi amechungulia, akasema kimejaa wadudu na vumbi. Nikioshe kwa sabuni, kisha nizibe mianya pembeni ili upepo upite ndani yake badala ya kukizunguka. Sabuni! Nimesoma mitandaoni wiki tatu nzima, ananiambia sabuni!

Jumanne, 10 Juni
Wazo kubwa. Nimechomoa mpira wa maji ya kuoshea kioo cha mbele, nikauelekeza kwenye kipoza. Nikabonyeza kitufe. Povu! Nilisahau kwamba tangi lina maji ya sabuni. Nikabonyeza tena ili liishe. Povu zaidi. Shemeji amepita, akauliza kama nimefungua saluni ya kunyoa magari. Mama watoto akaja na mpira wa bustani, akalisuuza lote huku akilalamika kwamba namchafulia sakafu yake. Yake! Kwenye kipoza yametoka maji meusi na wadudu wa miaka kumi. Siku nzima imekwenda bure.

Alhamisi, 12 Juni
Barafu! Nimejaza friza mifuko ya maji. Binti yangu kauliza nyama imekwenda wapi. Nikamwambia sayansi inahitaji nafasi. Mifuko haikai kwenye kipoza, inateleza. Nimechana godoro kuukuu, nikashindilia sponji kingo zote. Sasa inakaa kama mayai kwenye trei.

Jumamosi, 14 Juni
Foleni ndefu. Barafu imeyeyuka yote kabla sijaitwa! Nikachomoa mifuko, sponji likagoma kutoka. Nikajua gereji ndiyo basi tena. Raundi ya kwanza, sare. Ya pili, gari limepaa! Kona ya mwisho nimemwona shemeji kwenye kioo cha nyuma. Sikuwahi kumwona huko. Machozi yakanitoka, nikawaambia watu ni jasho.

Mama watoto kanikumbatia mbele ya kaka yake, akasema haya, gereji yako, ila arudishiwe friza. Fundi akainama, akachungulia, akanipongeza kwamba hatimaye nimeosha na kuziba mianya. Maskini. Mtu mwema, ila haoni mbali.

Jumapili, 15 Juni
Nimetafakari. Kama barafu iliyoyeyuka imenipa ushindi, isiyoyeyuka itafanyaje? Nimepima friza yenyewe: inaingia ndani ya gari, nikitoa viti vya nyuma. Mama watoto kauliza nafanya nini jikoni na futi. Nimemwambia apumzike, leo Jumapili.

Sponji nimeling'oa, nikalitupa. Lilikuwa linakula nafasi ya barafu.