Mti Haubomolewi

Jumatatu, 10 Februari 2025

Majani tena! Nimeamka alfajiri, nimenyunyiza maji ya kununua ili vumbi litulie, nimefagia kwa fagio la chelewa mpaka mchanga ukalala mistari kama kichwa kilichosukwa. Nikaingia jikoni kuinjika chai. Natoka, uwanja mwekundu! Majani mapana kama sahani, yamejilaza kana kwamba nimeyaalika.

Si yangu. Ni ya mkungu wa jirani, Mzee Revelian. Mti kwake, kivuli kwake, takataka kwangu. Kila kiangazi hivi hivi. Lakini mwaka huu sikubali. Jumapili ya tarehe 23 washenga wanakuja kumposa mjukuu wangu Yumna. Baba yake yuko Maskati, kwa hiyo kila kitu kiko shingoni mwangu. Lazima iwe kabla ya Ramadhani. Kijana mwenyewe, Muntasir wa Tabata, hana neno. Neno analo shangazi yake, Bi Nasim. Ndiye anayeamua nani aingie katika ukoo ule na nani abaki mlangoni. Bibi huyo alisema harusini kwa watu, nikisikia kwa masikio yangu haya, kwamba huku Madale tunaishi na majani kama kuku.

Kuku! Mie Jokha binti Zahor!

Nimeapa. Siku hiyo jani halitaonekana uwanjani kwangu. Bi Nasim asipate pa kushika. Yumna anampenda yule kijana mpaka wali unamshinda.

Nimekwenda kwa Revelian kumwambia akate mti. Nimemkuta kwenye kiti chake cha kukunja, mstaafu, miguu juu ya ndoo. Akaniamkia vizuri, shikamoo Bi Jokha, kisha akanieleza habari za oksijeni. Eti mti unatupa oksijeni. Mie nimezaa wanne bila oksijeni.

Jumatano, 12 Februari

Dawa ya moto ni moto. Leo nimekusanya majani yote, nimeyarudisha kwa mwenyewe. Beseni baada ya beseni, juu ya seng'enge, puu! Mgongo unawaka, moyo umepoa. Nikasema atatoka, atanitukana, nami nitamjibu. Majibu nilikuwa nayo tayari tangu mwezi wa kumi na mbili.

Katoka. Ananishukuru! Anasema, Mungu akubariki, Bi Jokha, ndiyo kwanza nilikuwa natafuta ya kutandaza kwenye migomba yangu. Mhaya na migomba! Nilisahau. Anasema yakiwa mabichi kidogo ni bora zaidi, na kama nina nafasi kesho nisimwage pale, nisogee kushoto, kwenye mche mpya.

Nimemfanyia kibarua asubuhi nzima. Bure! Na kanipangia na zamu ya kesho.

Nimerudi na beseni langu. Majibu yote yalikuwa ya matusi, hakuna lililofaa kwa mtu anayeshukuru.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda kumshitaki kwa mjumbe wetu, Faraji. Kala visheti vyangu vyote, kanywa chai, kafuta mdomo, ndipo akasema hawezi. Tawi likivuka mpaka nikate tawi. Lakini shina liko kwa mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye kauli. Labda serikali itake kupitisha barabara, akasema, huku akicheka na makombo kwenye ndevu.

Nimerudi na hasira mpaka nikapita njia ya barabara kubwa. Pale nikaona vibanda vimepigwa alama ya X nyekundu, na chini yake BOMOA. Mwenye kibanda kimoja alikuwa juu ya bati, anang'oa misumari yake mwenyewe. Nikamwuliza, nani kakuamuru leo? Akasema hakuna, bibi, ila ukishapigwa X unasubiri nini?

Nikasimama pale juani kama nimepigwa na radi ya heri.

X naijua. Mwalimu wa ngumbaru alinipa nyingi sana.

Jumapili, 16 Februari

Kazi imekwisha! Revelian kaenda misa na nyumba yake nzima. Mie na kopo la rangi ya mafuta tukavuka pale seng'enge ilipolala. Sikuwa na brashi, nimechovya kishungi cha chelewa. X kubwa, ya haki, kwenye shina linalotazama njia. Halafu nikaona haitoshi. Alama ya serikali ina maandishi. Nikaandika kama nilivyoona kwenye vibanda, herufi kwa herufi: BOMOA.

Nani aliyesema sikusoma?

Yumna kaniuliza vidole vina nini. Nikamwambia hina. Akauliza hina ya mkono mmoja? Nikamwambia mchumba ndiye wa kuulizwa maswali, si bibi. Kaniangalia kama polisi.

Sasa nasubiri shoka.

Jumatatu, 17 Februari

Shoka halijaja. Umekuja mkutano.

Revelian kaamka, kaona X, kapiga kelele mpaka mtaa mzima ukajaa kwake. Nami nikaenda, kanga kichwani, nikampa pole kama jirani mwema. Nikasema serikali haina mchezo, kata tu, baba, usije ukapata matatizo.

Akaniambia nisome. Nikasema nimesoma, BOMOA. Akasema ndiyo hiyo, Bi Jokha! Mti haubomolewi. Mti hukatwa. Kinachobomolewa ni nyumba. Kwa hiyo mti ni alama tu ya katikati ya barabara, na shabaha yao ni nyumba zetu!

Watu wote, ahaa. Wengine wakashika vichwa. Mwanamke wa nyumba ya kona akalia. Mjinga mmoja akaleta futi, wakapima kutoka shinani huku na huku. Upande wa huku futi ilipita banda langu la kuku, ikapita jiko langu, ikaishia kwenye kitanda changu. Wamenivulia kandambili mlangoni, wakaingia kupima chumbani kwangu! Wananipa pole mie!

Neno moja tu. Ningeandika KATA. Herufi zenyewe ni nne, ningeokoa hata rangi.

Jumanne, 18 Februari

Nikadhani hofu itamfanya aukate mti ili alama ipotee. Mtu mwenye akili angefanya hivyo. Lakini huyu kasoma! Aliyesoma anajua fidia.

Kawaeleza watu kwamba serikali ikichukua eneo inahesabu na miti. Mwenye miti mingi ndiye atakayecheka. Kufika adhuhuri kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimekuja kimejaa miche. Kaipanda yote kwenye mpaka wangu, seng'enge yote, mche kwa mche.

Miche gani? Mikungu!

Nimemwuliza kwa nini asipande hata mipapai, tule. Anasema mkungu unakua haraka, na mie ndiye shahidi wa kivuli chake na majani yake. Mtaa mzima nao umepanda. Hata wenye ua wa kugeukia tu wamechimba mashimo. Masika haijaja, udongo mkavu kama mkaa, watu wanamwagia miti maji ya kuoga.

Lahaula! Nimeomba mti mmoja uondoke, nimepewa msitu.

Alhamisi, 20 Februari

Leo sina mzaha.

Picha ya ule mti imezunguka kwenye simu za watu, imefika Mbagala, imerudi Tabata. Bi Nasim kapiga. Sauti ya asali, maneno ya wembe. Anasema amesikitika kusikia kwamba tunabomolewa. Anasema wao wanaona posa isubiri, tupite Ramadhani, tupite Idi, ijulikane kwanza sie tutahamia wapi. Anasema mtu haposi kwenye nyumba isiyojulikana kesho itakuwa wapi. Nikamwambia nyumba haiendi popote. Akasema, aliye na X ukutani ndivyo anavyosemaga.

Si ukutani, nikamwambia, ni kwenye mti! Kakata.

Yumna kalia. Si kulia kwa kudeka, kulia kwa kimya, uso ukutani. Halafu kageuka akanishika mkono, akausogeza dirishani, akatazama kucha. Akasema, bibi, hina haikai kwenye kucha namna hii. Nikasema ni hina ya Maskati. Akasema, bibi, umeniua.

Nimewahi kuitwa mengi. Hilo lilinichoma.

Nikatoka na mafuta ya taa na gunia. Nikasugua ile X mpaka mkono ukafa ganzi. Haitoki! Muuza rangi aliniambia ni ya kudumu, nikadhani anajisifu. Nikachukua panga, nikaanza kubandua gome. Revelian huyo! Anapiga mayowe, Bi Jokha anafuta fidia yetu! Wametoka wote. Wale wale walionipa pole Jumatatu wamenizunguka, wameninyang'anya panga. Mwanamke wa kona, aliyelia kuliko wote, ananiambia mchawi wa maendeleo.

Sasa wameweka zamu. Mtu anakaa kwenye stuli mchana kutwa, analinda X yangu nisiiguse.

Jumamosi, 22 Februari

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Mtaa mzima nje kuzibua mitaro kabla ya masika, kufyeka, kumwaga maji ya kwenye matairi. Faraji kaja na kijana wa ofisi ya kata, anaitwa Godlisten, kofia mpya, filimbi shingoni.

Wakampeleka mtini. Revelian akaanza hotuba, akataja barabara, akataja katikati, akataja thamani ya mkungu mkubwa na mkungu mchanga. Godlisten akatazama alama. Akatazama tena. Kisha akacheka mpaka kofia ikamtoka. Akasema barabara haipo, haijawahi kuwepo, na serikali ina mengi lakini haijawahi kubomoa mti. Akauliza nani kaandika uchafu huu.

Watu wanatazama mashimo yao. Mie natazama mtaro. Nikaona pale kuna kifuu cha nazi kinahitaji kuokotwa kwa haraka sana.

Yumna ndiye aliyeniuza. Damu yangu! Katoa simu, kampigia Bi Nasim pale pale, kaweka sauti ya wazi. Akasema, shikamoo shangazi, nyumba haibomolewi, X kaichora bibi yangu, alitaka mti wa jirani ukatwe ili usikute majani uwanjani siku ya posa.

Mtaa mzima ukanigeukia. Nikajua basi, imekwisha, mtoto ataolewa na nani sasa, na mie nitatazamana naye vipi asubuhi?

Halafu simuni kikatoka kicheko. Kicheko cha kuku anayetaga! Kirefu, na vikohozi ndani yake. Bi Nasim akasema, bibi yako kaenda mpaka kwenye mti wa watu kwa sababu yangu? Akasema mwanamke aliyemwogopa kiasi hicho hajamwona tangu aolewe. Kesho wanakuja.

Mie simwogopi mtu! Nilimwambia, lakini simu ilikuwa imekatwa.

Yumna kanikumbatia mbele ya watu huku nimemnunia. Mtaa nao ukatoa hukumu: kwa kuwa mie ndiye chanzo cha miche, nitaimwagilia mie mpaka masika. Yote. Na ile ya kwenye seng'enge yangu. Revelian kaniletea ndoo yake mwenyewe, kwa heshima, mikono miwili.

Jumapili, 23 Februari

Nimefagia mara ngapi sijui. Washenga wanaingia, uwanja unang'aa. Hata jani! Viti vimepangwa, marashi yamenyunyizwa, mie nimejaa ndani ya gauni langu la Idi. Bi Nasim kaingia, jicho chini, linatafuta. Halikuona kitu. Nilimwona akikosa! Utamu wake hauandikiki.

Laiti ungebaki hapo. Jua likapanda. Uwanja wangu hauna mti. Mchanga mtupu uliofagiwa ukaanza kuwaka kama kikaango. Mshenga anafungua vifungo. Bi Nasim anajipepea kwa kiatu. Kaka yangu wa Mbagala, msemaji wa upande wetu, ndiye msaliti wa kwanza: kabeba kiti chake, kavuka seng'enge, kaenda kukaa chini ya mkungu wa Revelian. Mmoja akamfuata. Halafu wote! Na mkeka, na biriani yangu, na Bi Nasim kainuliwa seng'enge na mjukuu wangu mwenyewe.

Posa imejibiwa kwa Revelian. Neno la ndiyo limetolewa kwa Revelian. Kakaa katikati na kanzu ya kuazima, anakaribisha, anaeleza oksijeni, wanaitikia. Mshenga alimdhani ni mzee wa ukoo, akamwomba yeye ruhusa ya kuondoka! Jani likamwangukia Bi Nasim begani. Nikasema sasa atasema. Kaliokota, kalizungusha, kasema mahali pazuri hapa, pana hewa, harusi ije hapa hapa baada ya Idi.

Yumna anacheka peke yake jikoni. Kala wali sahani mbili. Alhamdulillahi kwa hilo. Kwa hilo tu.

Jumatatu, 24 Februari

Sikulala vizuri kwa hasira. Harusi ya mjukuu wangu, kwa Revelian! Watu watakuja toka Tabata, toka Mbagala, watapigwa picha chini ya ule mti, watasema, ahsante Mzee Revelian, una kivuli kizuri. Mie nitakuwa nani? Jirani mleta sahani!

Lakini nimefikiri. Kukata mti ulikuwa ujinga, sijui nani alinipa wazo lile, labda Faraji. Mti ni mali. Mti mzuri sana. Kosa lake ni moja tu, uko upande usio wake.

Asubuhi nimekwenda kumwagilia miche yangu ya adhabu, nimeutazama ule mpaka vizuri. Nguzo za seng'enge zimeliwa na mchwa, zinabebeka. Kilichobaki ni bikoni, lile jiwe la wapimaji pale pembeni. Watu wanaliogopa kama kaburi. Ni jiwe tu.

Nimelisukuma kwa mguu. Linatikisika.