Boya la Njano na Kome Wasio na Mwenyewe

Jumatano, 6 Machi

Na isitoshe, hata akipiga chafya Tausi wangu hupiga kwa adabu. Ndoa bado mbichi, nami namtazama akifunga nywele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Ukweni wametupa chumba juu ya karakana ya mashua. Dirisha linatazama maji. Raha tupu.

Isipokuwa kome, hao wa magamba makali. Si kome wetu hawa. Walikuja wamejibandika chini ya meli za mbali, na sasa wamefunika kila kitu: nguzo, minyororo, hata mteremko ambao baba mkwe hupandishia mashua za kutengeneza. Mashua ikivutwa juu yao inachanika tumbo. Wateja wanahama. Karakana ikifungwa, ukweni kote hakuna riziki, na chumba chetu kwaheri.

Siku ya posa nilimwambia baba mkwe asihofu, nina watu serikalini. Leo ameniuliza, kwa ule upole wake mbaya, kama watu hao wamefariki au wamesafiri.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeizunguka serikali nzima kwa miguu. Idara ya uvuvi wakasema kome hawa hawaliwi, na kisicholiwa si samaki, niende bandarini. Karani wa bandari, bila kuacha kutafuna, akasema maji yao yanaishia kwenye boya la njano. Karakana iko nje ya boya, niende halmashauri ya mji. Halmashauri nikamkuta shemeji yangu Msumari, kaka yake Tausi, ameketi kwenye benchi. Hukaa pale kila asubuhi tangu mwaka jana, akiomba wapiga mbizi waje kukwangua kome. Akanisogezea nafasi. Akasema karibu bwana harusi, kumbe watu wako wa serikalini ndio hawa tunaosubiri nao foleni. Benchi zima likacheka.

Sikukaa. Mwanamume mwenye mke kama wangu hasubiri kwenye benchi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata wazo. Lilinijia nikimtazama Tausi akisogeza kitanda kukwepa panapovuja. Hakuziba paa. Alisogeza kitanda. Nikambusu mkono. Akauliza kulikoni. Nikamwambia yeye ni mwalimu wangu.

Boya nalo ni kitu kinachoelea tu.

Jumapili, 10 Machi

Mchana, wote wamelala baada ya chakula. Nikachukua mtumbwi na kamba ya karakana. Boya ni zito kuliko linavyoonekana kutoka dirishani. Mnyororo wake umeliwa na kutu hadi unasikitisha. Ukakatika kwa nyundo. Kome wamejaa hata juu yake. Wamenikatakata vidole. Nikalivuta mpaka upande wa pili wa karakana, nikalifunga kwenye nguzo ya zamani. Sasa tuko ndani ya bandari. Kome ni wa bandari, kisheria.

Tausi amenifunga vidole kwa kitambaa. Amesema nina mikono ya mtu wa ofisini. Sijawahi kusifiwa hivyo.

Jumanne, 12 Machi

Siku mbaya. Wapiga mbizi wa halmashauri wamekuja. Kweli wamekuja, na mitungi yao ya hewa na vyuma vya kukwangulia. Msumari alitembea mbele yao kama anayemleta bibi harusi. Msimamizi wao akalitazama boya. Akauliza tangu lini hapa pamekuwa bandari. Akasema yeye haruhusiwi kulowesha hata kidole kwenye maji ya watu. Wakapakia mitungi, wakaondoka.

Msumari akakaa chini juu ya mteremko, juu ya kome wenyewe, wala hakuhisi wanavyokata.

Alhamisi, 14 Machi

Bandari nao wamekuja. Niliwapokea kwa tabasamu. Ofisa akasema karakana imejengwa ndani ya maji ya bandari bila kibali, ibomolewe kabla ya mwezi ujao. Nikauliza, na kome? Akasema kuhusu kome itaundwa kamati.

Baba mkwe akapiga kasia peke yake hadi kwenye boya. Kamba zake zote huzipaka rangi ya bluu miishoni ili zisiibwe. Kila mtu anajua. Hata mimi nilijua, ila siku ile nilikuwa nawaza mapenzi. Aliporudi nikamweleza nguvu za mkondo. Msumari akauliza kama mkondo siku hizi unafunga na mafundo.

Mzee akaenda bandarini kueleza kwamba boya lilihamishwa. Wakamjibu kwamba boya la serikali halihamishwi, kwa hiyo halikuhamishwa. Na akilirudisha, watamshtaki kwa kulihamisha.

Jumamosi, 16 Machi

Baba mkwe anang'oa mbao mwenyewe, zisije zikang'olewa na wageni. Nikimsogelea, huhamia upande wa pili. Tausi amekwenda kwa shangazi yake, kule mtoni. Hakulia. Alikunja nguo zake, akasema nisimfuate mpaka nijue kukaa kwenye benchi kama wenzangu. Ndivyo mapenzi mapya yalivyo. Hupenda kutamaniwa kwa mbali.

Leo dereva wa lori kaniletea habari zake. Mto wa kwa shangazi umezibwa na magugu maji, ya kigeni nayo, na wilaya mbili zinasukumiana nani ayatoe. Mpaka wao ni nguzo ya saruji iliyosimikwa ukingoni. Dereva anasema inayumba.

Tausi wangu, kabla mwezi haujaisha nitakuja kukutembelea. Nitakuja na mtaimbo.