Vita vya Fundi Viatu na Vina vya Kiingereza

Jongeeni, enyi wake kwa waume, wenye kusikia vizuri na wenye kusikia wanachotaka! Zimeni redio, ipueni chai isije ikafurika, na mwenye mtoto msumbufu amshike mkono, maana leo yanasimuliwa makubwa. Wapo waliosimulia vita vya wafalme, vilivyopigwa kwa farasi na mizinga, nchi zikatetemeka. Hivi vya leo vilipigwa kwenye baraza ya nyumba moja, baina ya kopo la gundi na rundo la viatu vya watu, na aliyevipiga alikuwa amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliingia peke yake katika himaya ya Kiingereza, pasipo ngao wala kamusi. Ewe ulimi, usiteleze. Nawe koo, usikauke kabla hatujafika mwisho.

Shujaa mwenyewe alikuwa Fundi Viatu, Simba wa Soli, Mfufua Visigino, Hakimu wa Vina ambaye hukumu yake haikatiwi rufaa. Katika mtaa ule haikupita arusi wala hafla ya kuagana bila yeye kutoa shairi, na halikupita shairi la mtu mwingine bila yeye kulipima. Aliketi mstari wa mbele, akafumba macho, na msomaji akithubutu kuijibu "-ta" kwa "-da", Fundi aliinuka katikati ya shughuli akanguruma: "Guni!" Hilo ndilo jina malenga walilolipa shairi lisilotimia vina, lenye mguu mfupi. Bwana arusi mmoja aliwahi kuketishwa hivyo mbele ya wakwe zake, jasho likimtiririka. Watu walimwogopa Fundi, na Fundi hakuwa na nongwa na hilo.

Lakini kila simba ana mwiba wake. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, huko akajaliwa mtoto wa kike, na mtoto akakulia katika Kiingereza tangu ameota jino la kwanza. Kwenye simu mama yake alikuwa akimwambia, "Haya, mwamkie Babu," na kilichoonekana kwenye kioo ni msuko wa nywele ukitimua mbio. Sasa mtoto huyo, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa ameletwa kutembea wiki moja, na bado alitimua mbio. Kwa Bibi alizoea usiku ule ule, kwa kuwa Bibi alikuwa na mapaja mapana na sufuria za kugonga. Kwa Babu alichungulia nyuma ya mlango tu. Mtu aliyejua kumsemesha kila kiumbe hakuwa na neno hata moja la kumpa mjukuu wake, na jambo hilo lilimchoma kama msumari uliotokeza ndani ya kiatu. Mwenye kiatu peke yake ndiye aliyeujua.

Ikawa asubuhi moja, mezani, Fundi akakitua kikombe chake na kusimama.

"Sikia, mke wangu, na kuta hizi zisikie! Mtoto yule hataondoka Jumapili kabla sijamsomea shairi kwa lugha yake mwenyewe, lenye vina vilivyotimia, naye akacheka. Nikishindwa, naapa, nitatembea peku mpaka mwisho wa mwaka!"

"Utembee peku, fundi viatu? Si wateja watakukimbia?" Bibi alisema huku akikusanya vikombe. "Muulize mwanao akupe maneno mawili matatu, yaishe."

"Simba haazimi kucha!"

"Haya, Simba. Inua miguu nifagie."

Simba akaketi, akainua miguu.

Baada ya hapo akatangaza amri pale barazani: mwenye kuacha kiatu aache na neno la Kiingereza. Watu wakalipa kodi hiyo kwa kicheko. Dereva wa lori akaacha "breki." Muuguzi akaacha "keki," kwa maana alikuwa ametoka kwenye siku ya kuzaliwa ya mwenzake. Mchezaji wa timu ya mtaa, aliyekuja kushonewa viatu vya mpira, akaacha "beki," na karani akaacha "cheki." Fundi alipoyapanga maneno hayo mdomoni, vinyweleo vilimsimama. Breki, keki, beki, cheki! Kumbe Kiingereza ni ndugu wa shairi, vina vimejipanga vyenyewe na mizani imetimia minane! Hakutambua, lo, upofu wa mashujaa, kwamba maneno yale yalihama kwao zamani, yakaja kukaa kwetu, yakaoa na kuzaa, na hakuna tena anayeyaita wageni.

Jioni ya Ijumaa akavaa koti lake la arusini, akasimama katikati ya sebule, akakohoa kikohozi cha utangulizi. Kisha akaunguruma, mkono mmoja hewani:

"Keki, breki, beki, cheki!
Cheki, beki, breki, keki!"

Mtoto alimtazama kwa macho makubwa, akamnong'oneza mama yake, kisha akatoweka nyuma ya mlango. Mama yake alikuwa amejiziba uso kwa mto wa kochi, mabega yakimtikisika.

"Amesema nini?" Fundi aliuliza.

"Usikasirike, Baba. Ameuliza kama Babu anaumwa."

"Anaumwa! Si Kiingereza chake hicho?"

"Kilikuwa. Siku hizi ni chetu. Wenyewe hawaiweki hiyo 'i' ya mwisho, wanaishia kwenye 'k' na kunyamaza." Binti akajifuta machozi ya kicheko, akamwonea baba yake huruma. "Njoo nikupe ya kitoto, yanayojulikana na kila mtu. Paka ni 'cat'. Kofia ni 'hat'. Popo ni 'bat'. Ndiyo vina vyao hivyo."

Fundi akafumba macho, akayapima.

"Mwanangu, mimi nasikia mlango ukifungwa, kisha mlango mwingine, kisha dirisha. Maneno haya hayana mkia. Na kila neno ni silabi moja tu, na herufi yake ya mbele haifanani na ya mwenzake. Kina kiko wapi hapo?"

"Wenyewe hawadai ya mbele ifanane. Sauti ya mwisho ikilingana, inatosha."

"Inatosha!" Fundi alipaza sauti. "Ndivyo alivyosema yule aliyeshona buti kwa uzi wa chandarua! Hilo ni guni, na mimi guni sijalitamka tangu nizaliwe, wala silianzi leo kwa ajili ya mtu yeyote!"

"Basi kaa na sheria yako, Baba," binti alisema, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Lakini sisi kesho kutwa tunaondoka."

Maneno hayo yakamwingia. Alivua koti la arusini, akalitundika, wala hakugusa chakula.

Ndipo kulipopambazuka Jumamosi, siku ya mapambano makuu. Bibi alikuwa jikoni, binti alikuwa chumbani akipanga mizigo, na Fundi alikuwa barazani ameinamia ndara ndogo ya buluu ambayo ukanda wake ulikatika mtoto alipokuwa akiruka mtaro. Mara akahisi anatazamwa. Akainua kichwa polepole. Mjukuu wake alikuwa amesimama kizingitini, amevaa ndara moja, mguu wa pili mtupu umekanyaga wa kwanza. Alikuwa amefuata ndara yake. Hapakuwa na mlango baina yao, wala mkalimani.

Moyo wa shujaa ukapiga kama nyundo juu ya chuma. Angesema nini? Akainua ile ndara iliyokatika, akasema neno alilolijua kutokana na maboksi ya viatu aliyoyafungua maisha yake yote.

"Shoe."

Kiatu. Mtoto akaitikia kwa kichwa, kidogo sana. Kisha, kwa tahadhari kubwa, akavua na ile nyingine akamnyooshea. Fundi akaishika kwa mkono wa pili, akaziinua zote juu.

"Two."

Mbili. Hapo sikio la Hakimu likasimama. Shu, tu. Milango haikufungwa! Maneno yale yaliishia wazi, kwa "u" iliyo kamili, kama maneno ya watu wastaarabu. Akamtazama mtoto, akaona pembe moja ya mdomo wake imeinuka kidogo, inangoja.

Lakini sheria, enyi wasikilizaji, sheria! "Shu" si "tu", na haitakuwa "tu" hadi mwisho wa dunia. Ndani ya kifua cha Fundi yakapangana majeshi mawili. Upande huu lilisimama jeshi la Vina Vilivyotimia, safu kwa safu, bendera zikipepea, na kila askari alikuwa na sauti ya Fundi mwenyewe akipiga ukelele wa "Guni!" Upande wa pili alisimama mtoto mmoja, hana viatu. Fundi akamkumbuka yule bwana arusi aliyemketisha mbele ya wakwe, na kwa mara ya kwanza akamwonea haya. Jasho lilimtoka. Mkono wake ukaenda, ukarudi, ukaenda tena, ukalishika kopo la gundi na kulinyanyua juu kabisa.

"Glue!"

Pembe ya pili ya mdomo ikainuka.

"Blue!" Fundi akapaza sauti, akionyesha rangi ya ndara, na sasa meno yakaonekana, pamoja na pengo la mbele. Hapo tena hakuzuilika. Akaishika nyundo, akawa anapigilia kila neno: "Shoe! Two! Glue! Blue!" Mtoto akacheka. Hakikuwa kicheko cha adabu. Alicheka cha tumboni, mpaka akakaa chini. Alipoinuka akaja moja kwa moja, akamwekea Babu kidole puani.

"You!"

Wewe. Na kwa kuwa vita huvuta vita, akajiwekea vidole viwili kichwani mithili ya pembe, akainama kama ng'ombe anayetaka kushambulia.

"Moo!"

"Na ng'ombe naye yumo?" Fundi alishangaa. "Karibu, ng'ombe! Moo!"

Bibi akatokea mbio, mwiko mkononi.

"Kuna nini huku? Mifugo ya nani imeingia?" Akasimama, akasikiliza, akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni. "Mzee, 'shu' na 'tu' na 'muu'? Si guni hilo?"

"Guni tupu, mama. Guni la kupigiwa mfano. Nyamaza, mtoto analeta lingine."

Akaleta, na Fundi akajibu, na nyundo ikapiga. Ukanda wa ndara uliposhonwa ukakamilika, Fundi akautazama, akamtazama mjukuu wake, kisha akaufumua taratibu akaanza upya. Katika historia ya ufundi wake hakuwahi kufanya hila kama hiyo, na aliifanya kwa raha zake zote.

Binti akaita kutoka chumbani, mtoto aje aoge. Mtoto akajibu bila kugeuka, Kiingereza kirefu, cha kasi, kilichompita Fundi kama lori. Lakini katikati ya lori hilo alimwona abiria mmoja anayemfahamu. Neno hilo lilikuwa "Babu."

"Amesema nini?" Fundi aliuliza.

Binti alikuwa amefika mlangoni, nguo za kukunja mikononi.

"Amesema nisubiri. Yeye na Babu wana kazi."

Furaha iliyomshukia Fundi haikuwa ya kawaida. Alitaka kuiandamanisha na pigo moja la ushindi, akainua nyundo juu kuliko siku zote, akaishusha juu ya kidole gumba chake mwenyewe.

"Uuu!" shujaa alilia.

Mjukuu akainamisha kichwa, akakipima kilio hicho kwa makini, kisha akapiga makofi. Nacho kilikuwa na kina.

Basi andikeni, enyi wenye kalamu, na msio na kalamu wahadithieni wajukuu: Jumamosi hiyo, kabla ya chakula cha mchana, Kiingereza kilisalimu amri kwenye baraza ya fundi viatu. Waliopotea vitani ni wawili tu, ukucha mmoja na sheria moja, na ukucha uliota tena.