Nilivyowatuma Wakwe kwa Manager

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima. Na hata si ukoo wangu.

Acha niandike haraka kabla sijaitwa tena. Mnanijua, mimi Mama Ciku, nauza miche ya parachichi na maua huku kwetu Sotik, na siku za soko mnanipata Ndanai. Mwaka jana Ciku, binti yangu, alinifungulia tovuti. Picha za miche, bei, na namba yangu ya simu kubwa kama bango. "Mum, watu watakupigia mpaka uchoke," akaniambia.

Walipiga. Wezi!

Kila wiki kuna mmoja mwenye sauti ya mtu aliyevaa tai. "Am I speaking to the owner of the website?" Mara tovuti itazimwa leo jioni nisipolipa. Mara atanipandisha niwe wa kwanza duniani mtu akitafuta miche. (Duniani kwa nani, na miche yangu haijawahi kuvuka Mulot?) Yule wa kwanza nilimwamini, nikamtumia kitu. Msiniulize ngapi. Baba Ciku hajui mpaka wa leo, na hayuko kwenye hili group, kwa hivyo tunyamaze hivyo hivyo.

Wa pili nilimtukana. Wa tatu ndiye aliyenipa dawa. Alisema atatuma agent mpaka ofisini kwangu, nami nikamwelekeza ofisini. Tangu siku hiyo wote nawapa njia moja. Shuka kwenye kituo cha kununulia majani chai, pita josho la ng'ombe, teremka mpaka mtoni, vua viatu, vuka, panda ng'ambo, uliza Manager.

Manager ni punda wa jirani. Hufungwa pale ng'ambo kila asubuhi. Hakuna mwizi aliyewahi kuja, lakini roho yangu ilikuwa ikipoa kwa kuwaza tu.

Sasa leo. Leo wakwe walikuwa wanakuja! Ciku amepata mtu wake, Rotich, kijana mpole wa Siongiroi, na wazee wa upande wake walikuwa waje mara ya kwanza kumuulizia. Ciku hajalala vizuri wiki nzima. Jana aliniomba kitu kimoja tu: "Mum, kesho please, ongea polepole." Ana sababu. Mimi nikikasirika hata majirani hufunga madirisha.

Lakini sikilizeni. Sisi Wakikuyu ukituambia wageni wa mahari watakuja asubuhi, tunaelewa saa saba mchana. Wakifika saa nane hakuna anayesema wamechelewa. Kwa hivyo saa mbili asubuhi mimi nilikuwa kwenye kitalu namwagilia miche, gumboots miguuni, koti kuukuu la Baba Ciku mwilini, soksi kichwani. Mbuzi wa wageni alikuwa bado anakula.

Simu ikalia. Sauti ya tai. "Madam, website yako inazimwa leo. Agent wetu atakupigia saa hii na namba ingine. Usimkatie."

Nikamwambia sawa. Nikaweka mpira wa maji chini, nikajipanga. Hazikupita dakika tatu. Namba ngeni.

"Hallo, chamgei mama. Tumepata namba yako kwa website..."

"Ahaa! Agent!"

"Hapana mama, sisi tuko njiani, tumetoka..."

"Wezi wote wako njiani! Asubuhi yote hii, hata chai hamjakunywa, mmeamka kuibia mama za watu? Kwangu hamtoki na kitu! Hata kuku!"

Ile sauti ikajibu polepole sana: "Mama, labda hatujaelewana."

"Tumeelewana kabisa! Wewe ni mtoto wa nani? Nipe namba ya babako niongee na yeye!"

"Babangu alishafariki, mama."

Na mimi, mtu mzima, mama wa kanisa, nikamjibu: "Hata mimi ningezaa kitu kama wewe ningekufa!"

(Hiyo sentensi nimeiandika macho yakiwa yamefungwa.)

Ajabu ni kwamba hakukata simu. Aliuliza tu kwa unyonge, "Sasa mama, hapo kwenu tunafika aje?" Jamani nilifurahi! Nikalainisha sauti ikawa asali. Nikampa njia yote. Majani chai. Josho. Mto. "Mvue viatu, maji si mengi. Mkipanda ng'ambo mtapata Manager. Mumsalimie vizuri."

"Kongoi, mama," akasema. Ananishukuru! Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Wale wa tai hawajawahi kunishukuru.

Nikaingia jikoni nikicheka peke yangu. Nilipomsimulia Baba Ciku, chai ilimtoka puani. Ciku, aliyekuwa akipiga nguo pasi, akauliza, "Ni nani alikuwa amepiga?" Nikamwambia ni wale wezi wa tovuti, akaendelea na pasi yake.

Kama saa moja hivi baadaye mbwa wakabweka. Baba Ciku akachungulia dirishani, akakaa hapo muda mrefu.

"Mama Ciku," akasema. "Kuna watu wanatoka ndani ya majani chai. Wamevaa suti."

Wazo langu la kwanza? Wamekuja kweli! Mwizi amekanyaga mto mzima kunifuata! Nikashika jembe nikatoka nalo.

Walikuwa wanane. Walikuwa wanapanda kutoka nyuma ya shamba, mahali ambapo hakuna mgeni hupitia, mmoja nyuma ya mwingine. Suruali zimekunjwa mpaka magotini. Viatu mkononi. Mama mmoja wa gauni la kung'aa alikuwa na kiatu kimoja. Mbele yao mzee mrefu mwenye mvi, amekumbatia kibuyu cha maziwa kifuani.

"Simameni hapo hapo!" nikapiga kelele, jembe juu. "Leo ndiyo leo!"

Wakasimama wote. Mzee akainua mkono mmoja polepole. Ule mwingine haukuachilia kibuyu.

Nyuma yangu nikasikia pasi ikianguka. "MUM! Weka hiyo kitu chini! Huyo ni uncle ya Rotich!"

Ngai!

Jembe lilianguka lenyewe. Nilitafuta shimo la kuingia, nikaona mashimo ya miche tu.

Mzee akasogea karibu. "Wewe ndio mama ya website?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi ni arap Koech. Ndugu ya babake Rotich. Kwetu mambo ya kuuliza msichana tunaenda asubuhi, jua ikiwa bado ndogo. Dereva akapotea. Tukipigia Rotich, simu yake imezima. Ndio dereva akasema mama ya msichana ako na website ya miche, tutafute namba." Akakiweka kibuyu vizuri kifuani. "Mimi ndio niliongea na wewe, na simu ilikuwa loudspeaker, mama. Sisi wote tulisikia."

Wote. Wanane na dereva!

"Na Manager tulimpata," akaendelea, uso haujatingishika hata kidogo. "Tulimsalimia vile ulisema. Hakuwa na mengi ya kusema. Lakini alikula zile majani tulikuwa tumefunga kwa kibuyu. Halafu mwenye punda ndio alituonyesha kwenu, akasema tupite hapa nyuma."

Nikatazama kibuyu. Walikuwa wamekipamba kwa ajili ya binti yangu, na shingoni palibaki kamba tu. Kisha nikamtazama Ciku. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, macho yamejaa machozi. Hapo hapakuwa na kichekesho tena. Niliona posa ya mtoto wangu ikirudi Siongiroi kwa sababu ya mdomo wangu, na niliogopa kuliko siku zote nilizowahi kuogopa.

Nikapiga magoti kwenye matope na gumboots zangu. "Mzee, nisamehe mimi. Mtoto hana makosa. Huyo alichukua tabia ya babake, si yangu."

Mzee akafungua mdomo anijibu, na simu yangu ikalia ndani ya koti. Namba ngeni! Nilitaka kuizima, vidole vimejaa tope, vinateleza tu. Mzee akanyoosha mkono.

"Lete."

Utamnyima nini mtu uliyemwambia vile kuhusu babake? Nikampa. Akapokea, akabonyeza loudspeaker.

"Madam, mimi ni agent. Website yako inazimwa in one hour, unless..."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Wanane wote walimsikiliza, wamesimama na miguu yao ya tope. Halafu mzee akalainisha sauti. Asali yangu mwenyewe!

"Ah, agent. Tumekungojea sana. Kuja tu ofisi. Ukifika hapo wanapima majani chai, ushuke chini. Utaona cattle dip. Sasa hapo mtoni, utoe viatu..."

Hakusahau hata kona moja.

"Na ukuje na majani kidogo," akamalizia. "Manager anapenda."

Yule mama wa kiatu kimoja ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashikilia mparachichi wangu. Wengine wakafuata. Ciku akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Baba Ciku, ambaye muda wote alikuwa amejificha nyuma ya mlango (asante sana, mume wangu), akatoka kusalimia watu.

Mzee akanirudishia simu. "Inuka, mama. Tumekuja kuuliza mtoto. Na kama ataongea kama wewe, Rotich hataibiwa kitu maisha yake yote."

Sasa wako sebuleni, miguu imeoshwa, wote wanane wamevaa soksi za Baba Ciku. Chai imemiminwa. Mbuzi hali tena. Wameshaulizia siku ya kurudi, na Ciku ananipita hapa jikoni akiimba. Mimi nimejificha nyuma ya sufuria nikiwaandikia, kwa sababu kila nikipeleka kikombe mtu anataja jina la Manager, na kicheko kinaanza upya.

Mmoja wenu akicheka, anitumie namba yake. Nitamwelekeza nyumbani.