Uzinduzi wa Apu ya Maji Isiyo na Kitufe Hata Kimoja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maji, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo na wa ile Kubwa iliyoizaa Ndogo, ndugu mafundi bomba, mama zangu mliokuja na ndoo, wageni waalikwa na mliojialika, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi Mkurugenzi wenu mnayeniona nimetembea. Nimelala hoteli ambazo taa inawaka ukiingia tu, swichi huioni. Hapo nikaelewa kuwa kitu cha kisasa hakina pa kushika. Kwa hiyo, katika muktadha wa transfomesheni ya kidijitali, nikaagiza apu yetu ya kufungulia maji iwe ya minimalizimu, yaani vitu vichache kabisa. Mtaalamu aliniletea mchoro wenye vitufe kumi na vinne. Nikamuuliza kama anafungua duka la vipuri. Akabakisha kimoja, FUNGULIA MAJI, kikubwa kama sahani. Hicho nacho nikakifuta kwa mkono wangu huu. (Makofi ya watu wawili wa mbele.) Leo apu ni nyeupe pee, na asilimia mia moja ya waliohojiwa, yaani mimi, wameridhika.

Sasa, yule mama dobi pale nyuma ana mashuka ya wodi nzima, na zahanati imemwambia yasiporudi safi leo jioni, kazi anapewa mwingine. Amesimama ananiuliza: “Mwanangu, nimepapasa hii simu tangu asubuhi mpaka kidole kimeota sugu. Nibonyeze wapi maji yatoke?” (Kicheko. Mwenyekiti anakohoa.)

Mama, swali ni la kizamani, ila nakupenda. Telezesha vidole vitatu kutoka kona, shikilia, tikisa, kisha kuwa na imani.

Weupe, juu! Vitufe, chini! (Anaitikia dereva wa Mkurugenzi.)

Kwa kumalizia, namshukuru mtaalamu wetu, ambaye ameniandikia sasa hivi kwamba nilipofuta kitufe cha mwisho hakikubaki kitu cha kutengeneza, kwa hiyo hakutengeneza; mnachokipapasa humo simuni ni picha tu ya karatasi nyeupe. (Mafundi bomba wanaziba midomo.) Nampongeza kwa ukweli. Nanyi mafundi bomba nawashukuru kwa kutonicheka kwa sauti. Na wewe mama, beba mashuka uje nayo uani kwa ofisi yangu. Bomba la pale lina koki nyekundu, inaonekana toka barabarani. Unaizungusha, maji yanatoka. Nitakusaidia kukamua.